Uniti 30 naitwa tajiri, uniti 60 anaitwa mnyonge: hesabu ya umeme Dar kaipanga nani?

#1 Mpangaji wa Tandika
Wakuu, kwema?

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kukusanya hela ya umeme. Nyumba yetu ina vyumba saba, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja, choo kimoja. Safari hii nikaandika kila kitu kwenye daftari badala ya kubahatisha. Tumekula uniti 212. Zidisha kwa 356, ongeza 1,500 ya kodi ya jengo, inagonga kama 77,000. Dada wa chumba cha mwisho ana friza la barafu, yeye huongeza elfu tano juu. Iliyobaki tukagawana, kila chumba 10,300.

Sasa zile uniti ukizigawa kwa saba, kila chumba kimekula kama 30. Taa, feni, TV, chaji ya simu, basi.

Jumapili nikaenda kwa binamu yangu Mikocheni. Anakaa peke yake, mita yake, kiyoyozi kipo ila hakiwashi sana maana muda mwingi yuko safari. Kwa mwezi anamaliza uniti 60, na kila uniti anainunua 122. Jumla 7,320. Yuko D1, kundi la watumiaji wadogo.

Yaani mimi nusu yake kwa matumizi, nalipa zaidi yake kwa hela. Binamu mwenyewe alicheka mpaka akanipa nauli.

Juu ya hapo tunaambiwa tuache mkaa. Kwenye mlango wa korido yetu mwenye nyumba kabandika karatasi, kaandika kwa kalamu nene: JIKO LA UMEME MARUFUKU. HITA MARUFUKU. PASI JUMAPILI TU. Chini yake kuna mtu kaongeza kwa kalamu ya wino: KUPUMUA RUKSA.

Naomba kueleweshwa. Huyo mtumiaji mdogo anayelindwa ni nani hasa?

#2 Kiroboto wa Keko
KUPUMUA RUKSA 😂😂 Nimekaa hapa na karanga zangu, wajuzi waje.

#3 FundiWaya
Mleta uzi, ulichokiona ni kweli na wala si kosa la mtambo. D1 ni ya mita, si ya mtu. Mita haina habari mnalala wangapi ndani. Ikisoma wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo nyumba ni ndogo. Ikizidi, hiyo nyumba ni kubwa, hata kama ndani kuna familia saba zinazopokezana ndoo ya kuogea.

Bei ya msingi ya D1 ni shilingi 100. Weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unapata 122. T1, kundi la wanaozidi hapo, ni 292, ukiweka hayo hayo unapata 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na mwenzako wa D1 kwa 9,150 anabeba 75.

Ila nina neno na hilo friza. La kugandisha barafu za biashara, linalofunguliwa kila saa na watoto wa mtaa, halili chini ya uniti moja na nusu kwa siku. Tuseme 48 kwa mwezi. Hiyo ni 17,000. Dada anatoa elfu tano. Elfu kumi na mbili zinatoka mifukoni mwenu. Ukiliondoa friza kwenye hesabu, kila chumba kinatumia uniti 23, siyo 30. Umelia kidogo kuliko ulivyoonewa.

#4 Kiroboto wa Keko
Fundi umekwenda kuvunja nyumba ya watu. Mpangaji mwenyewe ukimsoma vizuri, barafu anapewa bure huyo.

#5 Mpangaji wa Tandika
Kiroboto heshima yako tafadhali. Nanunua kama watu wengine.

Fundi shukrani. Hilo la friza sikulijua, na sijui nalisemaje pale bila kuhama.

#6 Ngosha wa Goba
Huyo binamu asijidanganye. Akivuka 75 hata kwa uniti moja, zote zinageuka 356 palepale. Yalimkuta jirani yangu.

#7 FundiWaya
Ngosha, hapana. Ukiwa D1 ukavuka 75, zile 75 unabaki nazo kwa bei yake. Zinazozidi ndizo bei yake ya msingi inaruka hadi 350, na kodi zake inakuwa 427. Ni ghali kuliko hata T1. Ukiendelea kuvuka mwezi baada ya mwezi ndipo unahamishwa jumla kwenda T1. Jirani yako nadhani alihamishwa, yeye akahesabu ni adhabu ya siku moja.

#8 Mama Wawili Tabata
Mada yangu hii. Nina mita yangu, mimi na wanangu wawili na mdogo wangu. Nilikuwa D1 raha mustarehe, uniti 68, nalipa kama 8,300. Mkaa kwa mwezi ulikuwa unanila kama 35,000 kwa kununua kwa sado.

Nikanunua jiko la presha la umeme. Jamani maharage! Unatia, unafunika, unaenda kuchambua mchele, yameiva. Mara ya kwanza nilisimama naangalia mita kama naangalia mpira, nikakuta hata nusu uniti haijaisha. Nikauza majiko yangu yote mawili ya mkaa.

Matumizi yakafika 95. Hapo 75 kwa 9,150, na 20 za juu kwa 427, jumla 17,690. Nikasema poa, bado nacheka. Baada ya miezi michache nikapelekwa T1. Sasa zile zile 95 ni 33,820. Sijawasha hata balbu moja zaidi. Nimeacha mkaa kama tulivyohubiriwa, zawadi yangu ikawa kupandishwa cheo.

#9 Ngosha wa Goba
Mama Wawili alisema:
> zawadi yangu ikawa kupandishwa cheo

Lakini bibie ukijumlisha vizuri, zamani 8,300 na mkaa 35,000 ilikuwa elfu 43 na ushee. Sasa ni 33,820. Bado una faida ya elfu tisa na masufuria meupe.

#10 Mama Wawili Tabata
Ngosha sijakataa hesabu. Ila 35,000 ya mkaa nilikuwa naitoa elfu tatu leo, elfu tatu keshokutwa. Na ile elfu 16 iliyoongezeka haikuongezeka kwa sababu ya jiko. Imeongezeka kwa sababu nimebadilishwa jina kutoka D kwenda T. Mpishi wa maharage na mwenye viyoyozi vitano Masaki sasa tuko bei moja.

#11 MkaaMweusi
Nauza mkaa Tandale mwaka wa kumi na moja. Acheni niseme na mimi kabla hamjanizika.

Wateja wangu wengi nyumbani wana mtungi. Wengine waligawiwa kwenye mikutano, una picha ya mheshimiwa kabisa. Gesi ikiisha mtungi unakuwa stuli. Kujaza ule mdogo ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, kwangu anakuja na buku mbili na mfuko wa rambo. Mtu anayelipwa kwa siku anapika kwa siku.

Halafu huu mkaa mnaouita haramu unalipiwa kibali na ushuru kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, nina risiti. Serikali inachukua hela ya mkaa kwa mkono huu, kwa mkono ule inabandika tangazo mkaa unaua. Ichague.

#12 Kisiki cha Buza
Mimi linaloniuma ni moja. Gesi ni yetu, ya Mtwara, bomba limefika hadi hapa Kinyerezi. Kwa nini mtungi uwe bei ile? Tunauziwa mali yetu.

#13 Msomi wa Mlimani
Kisiki, hizo ni gesi mbili tofauti, watu wengi wanazichanganya. Ya Songosongo na Mnazi Bay ni methani. Hiyo inasafiri kwa bomba, inaendesha mitambo ya Kinyerezi na Ubungo, na ndiyo mnaiona bajaji zimeipangia foleni pale Ubungo Maziwa na Tazara. Ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje. Dola ikipanda, chai yako inapanda.

Methani kuingia jikoni inataka bomba mpaka mlangoni. TPDC, shirika la mafuta na gesi la taifa, wameunganisha nyumba chache, Mlalakuwa na Mikocheni kwa mfano. Tandale na Manzese ukitaka kupitisha bomba lazima kwanza uulize litapita wapi.

#14 Kisiki cha Buza
Nimeelewa Msomi. Lakini ona sasa, bomba nalo limeanzia Mikocheni. Binamu wa mleta uzi kila kitu kwake 😂

#15 Mzee wa Magomeni
Vijana mnahesabu uniti, hamuulizi hiyo 356 imebeba nini tumboni.

Mwaka 1995 tuliingia mkataba na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, wa kuchoma mafuta mazito. Mkataba wa namna ile mtambo ukizalisha unalipa, usipozalisha unalipa, kwa sababu upo. Ukaja ukame wa 2006, tukaletewa Richmond, kampuni ya umeme wa dharura. Februari 2008 waziri mkuu Lowassa akajiuzulu bungeni baada ya ripoti ya kamati ya Mwakyembe. Tukasema tumejifunza. 2014 ikaja Escrow, zikachotwa bilioni 306 za mgogoro wa IPTL zilizokuwa zimehifadhiwa Benki Kuu, mbunge Zitto na kamati yake ya PAC, ya hesabu za serikali, wakasimama nalo usiku na mchana, Jaji Werema akaachia uanasheria mkuu Desemba ile, Profesa Muhongo akaachia wizara Januari.

Nilikuwa na kiduka cha kunyoa wakati wa mgao wa 2006. Nilinyoa kwa mkasi na kitana, mteja mmoja nikamkata sikio, mpaka leo tukikutana Magomeni Kagera anashika sikio. Hiyo gharama yangu hakuna kamati iliyoihesabu. Mnataka bei ishuke wakati bado tunalipia zile harusi.

#16 Msomi wa Mlimani
Mzee shikamoo. Historia yako iko sawa, hitimisho ndilo ninalobishana nalo. Hizi bei hazijapanda. 292 iliwekwa Aprili 2016, tena ilishuka kutoka 298, na ule mchango wa huduma wa kila mwezi 5,520 ukafutwa. Mwisho wa 2016 Tanesco, shirika la umeme, waliomba kupandisha, ikaidhinishwa asilimia 8.53. Rais Magufuli akaizuia na mkurugenzi mtendaji akaondolewa siku ya mwaka mpya 2017. Linganisha na sukari, nauli, kodi ya chumba. Mimi ningesema tatizo ni kinyume: bei imegandishwa na siasa, shirika halina hela ya nyaya na transfoma, ndiyo maana saa moja jioni taa ya Mpangaji inakuwa rangi ya chungwa.

#17 Mzee wa Magomeni
Marahaba. Kama bei imegandishwa na siasa, basi na mgawanyo wa D na T umegandishwa na siasa hiyo hiyo. Uniti 75 ni za zama ambazo hakuna aliyefikiria mtu ataivisha maharage kwa umeme.

#18 Mpangaji wa Tandika
Mzee hapo umenigusa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, unasema mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa. Siku chache baadaye Rais akawa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris wa jambo hili hili, zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Ina maana 75 haijaambiwa?

#19 Mzalendo Halisi
Kulalamika tu. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliwaka Februari 2024, mgao ukaisha. Mmesahau mlivyokuwa mnalala na vipepeo vya ukili? Aprili mwaka huo kuna vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Mshukuru.

#20 Kiroboto wa Keko
Umeme ukizidi wanazima mitambo. Ukipungua wanatuzima sisi. Bei ndiyo haizimwi.

#21 FundiWaya
Mzalendo ana hoja, msimcheke. Ila umeme wa Rufiji hauji Tandika kwa miguu. Unapandishwa hadi kilovolti 400, unafika Chalinze, unashushwa, unashushwa tena, mwisho uko kwenye transfoma ya mtaa iliyofungwa wakati mtaa una nyumba thelathini, leo zina vyumba mia tatu. Hapo ndipo shingo ya chupa.

#22 Ngosha wa Goba
Tukiongelea haki tusisahau kuunganishwa. Wakati wa Magufuli ilikuwa 27,000 kote. Kuanzia Januari 2022 vijijini ikabaki 27,000, mjini ikarudi 320,960 kwa ambaye hahitaji nguzo. Ukihitaji nguzo inapanda zaidi. Sasa nenda Chanika ndani ndani, au huku kwetu Goba milimani. Barabara ya kijiji, maji ya kijiji, fisi nusura. Umeme tu ndiyo wa mjini.

#23 Kisiki cha Buza
Fisi Goba? 😂😂 Huyo alikuwa mbwa wa jirani mkuu.

#24 Wakili wa Mtaani
Nimeona kwenye #1 kodi ya jengo 1,500 mmeigawana wapangaji. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye jengo. LUKU ni njia ya kuikusanyia tu, tangu Agosti 2021, ilianza 1,000 ikapanda mwaka wa fedha 2023/24. Kwa ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Wapangaji mna haki ya kuikata kwenye kodi ya pango, 18,000 kwa mwaka. Mwambieni mwenye nyumba kwa ustaarabu na mwandikishane.

#25 Baba Mwenye Nyumba
Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa naona nazungumzwa mimi.

Sina undugu na nyumba ya Tandika, yangu iko Mbagala, vyumba vinane. Nyaya zake zilivutwa mwaka 1998 kwa ajili ya balbu na redio. Kila chumba kikiwasha jiko la wati elfu moja saa moja jioni, hizo ni wati elfu nane kwenye waya wa kusukia. Nani ataniletea pole nyumba ikiungua? Hiyo karatasi ya marufuku hata mimi ninayo.

Mita ya kila chumba? Zidisha 320,960 mara nane, halafu mpangaji mwenyewe anahama usiku na deni la maji. Nilifunga zile mita ndogo za Kariakoo ili kila mtu ajue chake. Ugomvi wa kuchanga uliisha. Lakini LUKU ya mbele bado ni moja, bado T1, bado 356. Mita ndogo inawapatanisha wapangaji, haiwahamishi kundi.

#26 Mpangaji wa Tandika
Baba, hapo kwenye nyaya sikubishii. Yetu ukichomeka pasi swichi inatoa joto kama paji la mtoto mwenye homa.

#27 Mama Wawili Tabata
Mimi naona wenye maneno mazuri ni wengi, ila hakuna aliyejibu. Wangehesabu vyumba au watu? Mjumbe wa nyumba kumi anatujua wote. Wasajili mita kwa idadi ya kaya: nyumba ya kaya saba, kikomo chake kiwe 75 mara saba.

#28 Msomi wa Mlimani
Wazo zuri, ila kesho yake kila ghorofa la Sinza litakuwa na kaya kumi na nne za wajomba wa kijijini. Bora waongeze kikomo kwa wote, tuseme 120.

#29 FundiWaya
Ukiongeza kwa wote, binamu wa Mikocheni anawasha kiyoyozi kwa 122. Na hiyo 122 haitoki hewani, inafidiwa na T1. Yaani na vyumba saba vya Tandika.

#30 Dada Lishe Buguruni
Mimi napika wali na maharage wa watu sitini kwa siku. Maharage mkaa, chai gesi. Jiko lenu la presha linapika sufuria ya familia, langu ni la kusimamia na mwiko. Mkikubaliana mniambie.

#31 Mpangaji wa Tandika
Mrejesho wadau.

Nilifuata ushauri wa Wakili (#24). Nikamfuata mwenye nyumba jana jioni, kwa ustaarabu kabisa, na daftari langu. Nikamwonyesha 1,500 mara kumi na mbili. Akavaa miwani, akasoma, akaniambia kijana uko sahihi, nitawakatia. Nikafurahi.

Leo asubuhi kuna karatasi mpya mlangoni. Kodi ya chumba kuanzia mkataba ujao imetoka 50,000 kwenda 55,000, "kutokana na mabadiliko ya kodi za serikali". Wapangaji wenzangu sita hawanisalimii.

#32 Wakili wa Mtaani
Pole mkuu. Mkataba wenu ni wa maandishi?

#33 Mpangaji wa Tandika
Wa mdomo.

#34 Kiroboto wa Keko
Na la friza umeshamwambia dada?

#35 Mpangaji wa Tandika
Ndiye pekee anayenisalimia. Naomba tuliache hilo.